Piga, Halafu Nyamaza

Leo nakupeleka Mgori, kule Singida, kwenye msitu wa miombo ambao wanavijiji wenyewe walianza kuulinda miaka ya 1990.

Mimi na mwenzangu tulikwenda huko kwa baba yake mdogo tukiwa tumenuniana. Yeye kapata kazi Mwanza, mimi kazi yangu iko Dodoma, na kila tukianza kuliongelea hilo, kila mtu anapandisha sauti. Njia nzima tulifungulia redio ya gari ili tusisemeshane.

Jioni tukakaa kando ya msitu, mwenzangu na gitaa lake. Akapiga weee, bila kupumzika. Baba mdogo, mzee wa mizinga ya nyuki, akamkatiza: "Mwanangu, piga kidogo, halafu nyamaza. Hapa hauko peke yako."

Akapiga nota tatu, akanyamaza. Tetere akalia. Akamjibu kwa nota mbili. Upepo ukavuma, akaushika mkono wake mpaka upite. Wimbo hauna jina wala kiitikio, na sikutaka uishe.

Usidhani ni mambo ya kijijini tu. Mwaka 1979 mtunzi wa Kanada, R. Murray Schafer, aliwapanga wapiga tromboni 12 kuzunguka ziwa, wapige alfajiri na jioni, mwangwi ukiwa sehemu ya muziki. Na jirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi humpigia mluzi ndege anayewaongoza kwenye asali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa huko huuitikia mluzi huo zaidi ya mara tatu kuliko mwito wanaoutumia Wayao wa Msumbiji. Yaani hata ndege humwitikia yule aliyezoea kumsikia!

Sasa sisi je? Usiku ule nikasema sentensi moja, nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu, nikajizuia. Ndipo akaniambia kitu ambacho miezi miwili sikukisikia: si kwamba anaipenda Mwanza, ila anaogopa kurudi kukaa nyumbani bila kazi kama mwaka ule.

Mwanza bado hatujaiamua, nisikudanganye. Ila sasa tunaongea kwa zamu.

Wikiendi hii hebu zimeni redio, mkakae nje chini ya mti wowote. Mmoja aimbe au apige hata kopo, kidogo tu, halafu msubiri. Mkishaweza kumsubiri tetere, mtaweza kusubiriana.

Tukutane mwezi ujao!