Nimechoka Kusubiri Mwanamume Apite

Hapa Isevya, Tabora, utamwona mwanamke mzima kasimama getini, jogoo kwapani, kisu mkononi, anasubiri mwanamume apite. Akitokea mvulana wa darasa la sita, huyo huyo anaitwa: "Mwanangu, hebu nichinjie." Na mama ndiye aliyewatilia kuku tone la chanjo ya kideri jichoni, akawafungia banda kila jioni wasiliwe na vicheche.

Nami nilisimama hivyo tangu nifiwe na mume. Mwaka huu majogoo wakanizidi. Vifaranga huja karibu nusu kwa nusu, na jogoo mmoja anatosha mitetea kumi. Waliobaki kazi yao kupigana, kuwanyonyoa mitetea migongo na kunimalizia pumba.

Nikamwuliza mwalimu wa madrasa kama mwanamke anaruhusiwa kuchinja. Akajibu bila kusita: imo katika Sahihi Bukhari habari ya kijakazi wa Kaab bin Malik, mchunga kondoo, aliyemchinja kwa jiwe mnyama aliyekuwa anakufa, na Mtume akaruhusu aliwe. Basi desturi hii ya getini tulitungiwa na nani?

Nikanoa kisu. Jogoo alilala bila kula, utumbo uwe mtupu. Nikakanyaga mbawa kwa mguu mmoja, miguu yake kwa mwingine, nikasema bismillahi na kupitisha kisu mara moja. Aliporuka nilishtuka, nisiseme uongo. Maji ya kunyonyolea yasitokote, ngozi itachunika pamoja na manyoya. Vinyoya vidogo nikavibabua motoni. Kazi hasa ni nyongo: ikipasuka, ini limeharibika.

Hata katika historia yetu ni vivyo hivyo: tunawasifu wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Wake zao nao walikwenda njia hiyo hiyo, vyungu kichwani. Pale Kwihara mgeni anaonyeshwa tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Habari za wapishi wa misafara sijasikia zikisimuliwa. Mimi siamini kwamba wanawake wale walishindwa na kuku.

Binti zetu tunawafundisha kusonga ugali na kuunga mboga kwa karanga, kisu tunampa kaka yao. Wapewe wote.

Jirani yangu ameapa kwamba kuku aliyechinjwa na mwanamke haivi. Kweli, yule wa kwanza alikesha jikoni. Nikamkumbusha kwamba jogoo mzee hugoma kuiva hata akichinjwa na sheikh, kisha nikampakulia paja. Alilimaliza.