Mnara hauna mlinzi, kengele inalia Dar es Salaam: kijiji kina nafasi gani?

Minara mingi ya simu vijijini siku hizi haikai na mtu. Ukisogea karibu utaona uzio, kufuli, kabati la betri, pengine sola au jenereta, na bango lenye namba ya simu. Kazi ya mlinzi imechukuliwa na kifaa kidogo kilichofungwa ndani ya kabati, kinachopeleka taarifa kwa watu walio mbali, mara nyingi Dar es Salaam.

Si minara peke yake. Transfoma ya TANESCO iliyo juu ya nguzo haina mlinzi, na visima vingi vya maji vinavyovutwa kwa sola vinalala vyenyewe usiku kucha. Kwa sisi tunaoishi Ufipa, kuanzia Laela hadi Namanyere, kutoka Matai hadi vijiji vya bondeni, hivi ndivyo vitu vinavyotuunganisha na mjini. Vikiibiwa, anayeumia kwanza ni mwanakijiji.

Chukua mfano wa mbolea ya ruzuku. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anasajiliwa, anapata namba, na wakala anaihakiki kwa mtandao kabla ya kumuuzia mfuko. Mnara ukizima wiki moja mwezi wa Desemba, mahindi hayasubiri. Hapo bado hatujagusa pesa za kwenye simu, wala mama mjamzito anayetafutiwa usafiri usiku.

Na minara inaongezeka. Mei 2023 serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 za mikoa 26. Jambo jingine ambalo wengi hatulijui ni kwamba mnara si lazima uwe mali ya kampuni ya simu unayoitumia. Kampuni kama Helios Towers humiliki minara na kukodisha nafasi kwa kampuni kadhaa za simu. Kwa hiyo mnara mmoja ukizima, mitandao miwili au mitatu inaweza kupotea kwa pamoja.

Kifaa kinaona nini?

Ndani ya uzio kuna vihisi. Kimoja kipo mlangoni, kinajua mlango umefunguliwa. Kingine kipo kwenye tangi la dizeli, kinapima mafuta. Vingine vinaangalia nguvu ya betri, joto na moshi. Baadhi ya vituo vina kamera. Taarifa zote zinakusanywa na kifaa kimoja chenye laini ya simu, kama hiyo iliyo kwenye simu yako, na kutumwa chumba cha udhibiti. Dizeli ikishuka ghafla wakati jenereta haijawashwa, kengele inalia huko. Mtu aliye zamu anaona jina la kituo, anampigia fundi au kampuni ya ulinzi.

Mfumo huu una faida ya kweli. Zamani mafuta yalikuwa yanachotwa kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi hakuna anayejua yamekwenda wapi. Leo kila lita ina saa na tarehe. Mlinzi mmoja asiye na tochi wala simu yenye chaji hawezi kushindana na hilo.

Kwa nini wezi wanakuja?

Mitambo ya mnara hutumia umeme wa volti 48. Ukipanga betri 4 za volti 12 unaupata. Betri moja ya namna hiyo, ikitoka kwenye kabati, inaweza kuwasha taa na televisheni nyumbani kwa mtu, kwa hiyo mnunuzi hakosekani. Paneli ya sola ni hivyo hivyo. Nyaya za shaba zinaishia kwenye mizani ya vyuma chakavu. Mafuta ya transfoma nayo yana wateja wake, na transfoma iliyonyonywa mafuta hupata joto hadi kuungua.

Kampuni zimejibu kwa kuleta betri za lithiamu ambazo baadhi zinajifunga zikitolewa mahali pake. Afrika Kusini, ambako wizi wa betri za minara ulikithiri, wapo waliofikia kuzijengea zege. Hizo ni hatua nzuri, lakini zote zinalinda kitu. Hazijibu swali la nani atafika.

Kengele ina mbio, gari halina

Tatizo la kwanza ni umbali. Taarifa inatoka kijijini hadi Dar es Salaam kwa sekunde chache. Gari la kutoka Sumbawanga mjini kushuka Lyamba lya Mfipa hadi vijiji vya Bonde la Ziwa Rukwa, wakati wa mvua, ni suala la saa nyingi. Wezi wa betri hawahitaji saa nyingi. Wenye gari wakifika, wanachokuta ni nyaya zilizokatwa. Kifaa kimefanya kazi yake yote, na mali imeondoka.

Tatizo la pili ni kwamba kengele inategemea kitu kile kile inachokilinda. Betri zikitolewa, mnara unazima. Mnara ukizima, kifaa kinanyamaza, na jirani aliyesikia vishindo hawezi kupiga 112 kuita polisi kama hapo hakuna mtandao mwingine.

Tatizo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Kifaa kinajua mlango umefunguliwa, hakijui aliyeufungua ni mtu wa namna gani. Na kijiji, ambacho kingeweza kujua, hakijaambiwa lolote. Fundi halali anaweza kuitwa na kengele hiyo hiyo akafika saa 8 usiku akiwa na pikapu, ovaroli na koleo. Mwizi naye anafika saa 8 usiku na pikapu, ovaroli na koleo. Mwenyekiti wa kitongoji hana orodha, hana namba ya kuuliza. Akinyamaza, mali inaibwa mbele ya macho yake. Akipiga yowe, kuna hatari ya kumpiga fundi aliyekuja kuwarudishia mtandao. Hakuna kijiji kinachostahili kuachwa kwenye mtego huo.

Majirani zetu Kenya wameyaona

Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, Kenya, akaangukia transfoma. Zaidi ya megawati 180 zilipotea, na nchi nzima ikakosa umeme kwa saa kadhaa. Kampuni ya KenGen ilisema mitambo yake ina uzio wa umeme. Uzio ulikuwepo na tumbili akapita.

Tarehe 11 Januari 2022 nguzo za umeme mkubwa wa njia ya Kiambere kwenda Embakasi zilianguka baada ya vyuma vyake kuibwa, na umeme ukakatika karibu nchi nzima. Siku chache baadaye serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu hadi Mei mwaka huo. Serikali ile iliona kwamba kulinda nguzo hakutoshi kama mnunuzi wa vyuma haulizwi vimetoka wapi.

Somo hilo linatuhusu. Kwa miaka mingi Rukwa imetegemea umeme unaonunuliwa Zambia na kuingia kupitia Mbala. Sasa njia ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma inaletwa Sumbawanga. Minara yake ya chuma inapita kwenye mashamba na mapori, na huwezi kuweka mlinzi chini ya kila mmoja.

Kisima ni chetu wenyewe

Mnara ukiibiwa, kampuni inapata hasara na kununua betri nyingine. Kisima cha sola ni tofauti. Tangu RUWASA ianzishwe mwaka 2019, miradi mingi ya maji vijijini inaendeshwa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, na matengenezo yanategemea fedha za maji tunazolipa sisi. Paneli 6 zikiondoka, kinamama wanarudi mtoni na ndoo.

Hapa haihitajiki mitambo ya gharama kubwa. Kengele ndogo yenye laini ya simu inaweza kupiga simu tatu za watu wanaolala karibu. Bolti za paneli zichomelewe, jina la kijiji liandikwe nyuma ya kila paneli kwa rangi isiyofutika, taa iwake usiku. Na mlinzi wa kweli, anayelipwa kwa wakati kutoka fedha za maji, bado ana kazi yake, kwa sababu yeye anafika kwa dakika 5.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi 3. Kama kuna mnara au kisima kwenye eneo lenu, yaulizeni haya:

1. Kengele ikilia, ni nani hapa kijijini anapigiwa simu? Kama jibu ni hakuna, ombeni mtendaji wa kijiji na polisi kata wawekwe kwenye orodha.

2. Fundi akija usiku, kijiji kinajulishwaje? Meseji moja kwa mwenyekiti kabla gari halijafika inatosha kumtofautisha na mwizi.

3. Namba iliyo kwenye bango inapokelewa? Ijaribuni mchana, kabla ya siku ya shida.

4. Kama mlinzi ameondolewa, je, vijana wa kijiji wanaweza kupewa mkataba wa kuitikia kengele kwa malipo? Kulinda mali ya kampuni bure si wajibu wa mtu.

5. Kamera inaelekea wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuuliza kama picha yako inachukuliwa na kwa kazi gani.

Na mtuhumiwa akikamatwa, apelekwe polisi akiwa mzima. Kesi za kuharibu miundombinu zinaweza kufunguliwa kama uhujumu uchumi, na aliye hai ndiye anayeweza kumtaja mnunuzi.

Wenye minara wamewekeza kwenye vifaa, na si vibaya. Lakini kati ya kengele na gari kuna saa nyingi za giza, na ndani ya saa hizo mtu pekee aliye karibu ni mwanakijiji. Gharama ya kumuingiza kwenye mfumo ni simu moja.