Nani Anatushikia Njia?

Ukifungua ramani ya simu kutoka Ruwi kwenda Seeb, hebu jiulize: nani anakuongoza? Mitambo ya GPS ni ya jeshi la Marekani, na inaendeshwa na kikosi kidogo cha askari huko kambi ya Schriever, Colorado. Setilaiti zao, zaidi ya 24, ziko kama kilomita 20,200 juu yetu. Kazi yao kubwa ni kusahihisha saa zilizomo ndani. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, masafa yanakosewa mita 300. Masahihisho hupandishwa kwa antena za ardhini, na mojawapo iko Diego Garcia, humu humu Bahari ya Hindi.

Huduma ni bure, tunashukuru. Lakini Juni 2025 mawimbi yalivurugwa hapa Ghuba, meli zikaonekana kwenye ramani eti ziko nchi kavu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Basi bandari zetu zisitegemee njia moja tu, na sisi wazee tuwafundishe watoto dira na nyota. Manahodha wa majahazi walifika Unguja kwa elimu hiyo.