Kijiwe Kisicho na Mzee

Ndugu msomaji, kama Jumapili ya leo umepata nafasi ya kuketi barazani pamoja na watu wa nyumbani kwako, naomba unisikilize kidogo. Nataka tuzungumze juu ya gari. Si bei yake wala mng'aro wake, bali juu ya watu wanaokusanyika kwa sababu ya kulipenda. Watu hao wana kijiwe chao, na kijiwe hicho siku hizi kimo ndani ya simu.

Kisa kilichonifanya nishike kalamu kilitokea mjini Bariadi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, baba wa watoto wanne, alidunduliza fedha kwa miaka sita, akauza na ng'ombe watatu, akanunua gari dogo lililotumika kutoka Japani. Baada ya miezi michache gari lilianza kusitasita kila alipolikanyagia mafuta. Hakwenda kwa fundi. Alifungua simu yake, akaingia katika kundi la wapenzi wa magari lenye mamia ya watu, akauliza. Kabla chai yake haijapoa alikwisha kupata majibu zaidi ya 30. Mmoja alimwambia abadilishe plagi. Wa pili alisema ni pampu. Wa tatu alimcheka kwa kununua gari la namna ile. Wa nne, kwa maneno laini, alimweleza kwamba oili ya giaboksi imechakaa, na kwamba yeye anayo nzuri kwa bei nafuu, itafika kwa basi siku ya pili. Mwalimu alituma fedha. Oili ikafika, ikatiwa. Siku ya nne, njiani kwenda Maswa, gari likagoma, na hadi leo halijatembea tena.

Gari lile lilikuwa na giaboksi ya aina ya CVT. Giaboksi hiyo haina gia za meno kama zile tulizozizoea, bali ina mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili. Nayo inataka oili yake maalumu. Ukiitia oili ya giaboksi ya kawaida, mkanda huteleza na chuma kusagana na chuma. Nilipomsimulia habari hizi fundi mmoja mzee mwenye gereji mjini humo, alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Mwanangu, mimi nilikuwamo katika kundi hilo. Ningemwuliza kwanza namba ya chasisi, na kutoka hapo ningejua giaboksi yake ni ya namna gani. Lakini nilikwisha kutoka mwaka juzi."

Kwa nini alitoka? Hilo ndilo swali letu la leo, ndugu msomaji, kwa maana aliyelipa gharama ya kutoka kwake si yeye, ni mwalimu yule na watoto wake.

Yafaa turudi nyuma kidogo. Katika nchi ya Wasukuma watu walikusanyika kwa ajili ya vyombo vya usafiri kabla gari halijawa mali ya mtu wa kawaida. Fedha za pamba zilipopatikana, kijana alinunua baiskeli, akaipamba, na penye mti wenye kivuli palikuwa na fundi na jamaa wa kumzunguka. Pale chini ya mti kijana alijifunza kuziba pancha na kunyosha ringi kwa kutazama. Magari yalikuwa machache. Wazee wetu wanakumbuka jinsi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, uhaba wa mafuta ulivyofanya magari ya watu binafsi yakatazwe barabarani siku kama ya leo baada ya saa 8 mchana. Wakati huo aliyekuwa na gari hakuwa na hiari ila kuwa na rafiki fundi, kwani spea haikupatikana, na kifaa kilichokufa kilifufuliwa.

Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na tangu hapo mlango ulizidi kufunguka. Magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, yakaanza kumiminika katika bandari ya Dar es Salaam. Yalikuja na maarifa mapya ambayo fundi wa chini ya mti hakuwahi kuyaona. Wenye magari wengi watakumbuka hofu iliyozuka juu ya injini za Toyota za D-4. Injini hizo hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa msukumo mkubwa, kwa hiyo hazivumilii mafuta machafu. Mafundi waliozifungua kwa mazoea ya zamani waliziharibu, kisha wakatangaza kwamba ni injini mbovu.

Hapo ndipo watu walipoanza kutafutana kwa njia ya intaneti. Jukwaa la JamiiForums, lililoanza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums, likawa moja ya mahali ambapo Mtanzania aliweza kuuliza habari za gari lake akajibiwa na Mtanzania mwenzake wa mkoa mwingine. Baadaye simu za bei nafuu zikaenea, na vijiwe vikahamia katika makundi ya WhatsApp: kundi la wenye Subaru, kundi la wenye IST, kundi la madereva wa michomoko. Mwananchi wa Bariadi, mji uliokuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu mwaka 2012, akawa anaongea na fundi wa Ilala kana kwamba wanakaa mtaa mmoja. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, wala sitaki mtu afikiri kwamba nayabeza.

Sasa sikiliza jinsi fundi wetu alivyonieleza safari ya kundi lao. "Mwanzo tulikuwa watu kama 40," alisema. "Tulijuana kwa majina. Mtu akiuliza, alipiga na picha. Akipona ugonjwa wa gari lake, alirudi kutuambia amepona kwa dawa gani. Kisha wakaja mamia. Swali moja likaulizwa mara 20 kwa mwezi. Nilijibu mara 19. Mara ya 20 nilichoka. Wenye maduka wakaingia, na kila ugonjwa ukawa na dawa inayouzwa. Ikafuata mizaha, ikafuata siasa ya mpira. Siku moja nilimsahihisha kijana mmoja, naye akaniambia kwamba nimepitwa na wakati. Sikumjibu. Niliondoka kama mgeni aliyeona mwenyeji amemchoka."

Ndugu msomaji, maneno ya mzee huyo yana mafunzo kuliko yanavyoonekana. Kundi la namna hii halifi kwa kukosa watu. Hufa wakati linapojaa. Wajuzi hawafukuzwi, bali huondoka mmoja mmoja bila kuaga, na nafasi zao hukaliwa na wasemaji. Kwa macho ya mgeni hakuna kilichopungua: maswali yapo, majibu yapo, tena yanakuja kwa kasi zaidi. Yeye hawezi kujua kwamba wale wanaomjibu nao waliingia juzi. Kijiwe kimebaki na jina lake, ila hakina mzee.

Liko na jambo la pili. Katika jukwaa la wazi, jibu zuri la miaka kumi iliyopita hubaki limeandikwa, na mwenye subira hulitafuta akalisoma. Katika kundi la simu, maneno hupita kama maji ya Mto Simiyu wakati wa masika. Mgeni akiingia hakuti hazina ya wale waliomtangulia, hivyo huuliza upya, na mjuzi huchoka upya. Tulipohama kutoka jukwaani kwenda katika makundi tulipata wepesi, lakini tuliacha ghala nyuma.

Je, haya hayaepukiki? Wapo wanaosema kwamba kila kusanyiko la watu lina utoto, ujana na uzee, na hakuna la kufanya. Mimi nawaomba watazame hapohapo Usukumani. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vimedumu tangu karne ya 19. Masimulizi yanavitaja kuwa vilianzishwa na waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Kila mwaka baada ya mavuno, pande hizi mbili hukutana uwanjani, hucheza kwa wakati mmoja, na upande unaovuta watazamaji wengi zaidi ndio mshindi. Kelele zipo, kejeli zipo, na biashara ipo pembeni mwa uwanja. Ngoma zenyewe zimebadilika sana, mavazi yamebadilika, hata vipaza sauti vimeingia. Mbona vyama havikufa? Kwa sababu kila kundi lina manju wake, na anayeingia hukaa kwanza chini ya waliotangulia akajifunza. Ushindani una uwanja wake na msimu wake. Msimu ukiisha, watu hurudi shambani. Idadi ya watazamaji huamua mshindi wa siku ile, lakini haiamui nani awe mwalimu wa kundi.

Wala hili si la ngoma peke yake. Jijini Nairobi, klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo ilianzisha mwaka 1970 mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri. Mashindano hayo yameona vizazi vya magari vikija na kupita, nayo yakaendelea kwa miongo mingi, kwa kuwa yana waamuzi wanaochungulia injini na uvungu wa gari, si rangi tu. Mjuzi akipewa kiti, kusanyiko hupata umri mrefu.

Kwa hiyo nawasihi wale wanaoongoza makundi haya, na wengi wao ni vijana wenye nia njema. Wateueni wazee wa kundi, watu watatu au wanne wenye ujuzi uliothibitika, na neno lao la ufundi liheshimiwe. Wenye maduka wapewe siku yao ya soko, wasiruhusiwe kuvaa koti la mganga. Majibu yaliyothibitika yaandikwe mahali pamoja, hata kama ni katika daftari la kaunta linalopigwa picha kila mwezi. Na anayeuliza aje na habari kamili: aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, namba ya injini na ya giaboksi, kilomita lilizotembea, na kitu cha mwisho alichofanyiwa na fundi. Tena akishapona, arudi aseme. Asiyerudi kusema amekula chakula cha wenzake akaondoka bila kuosha sahani.

Nawe mwenye gari, hasa wewe uliyelinunua kwa jasho la familia nzima, usiifanye simu kuwa fundi. Simu ikupe maswali ya kwenda nayo gereji. Kabla hujatuma fedha kwa mtu usiyemwona, mwulize: wewe uliingia humu lini, na nani amepona kwa dawa yako? Kama ana hasira kwa sababu umemwuliza, umekwisha kupata jibu lako.

Nilipita nyumbani kwa yule mwalimu. Gari limefunikwa turubai chini ya mwembe, na kuku wametaga karibu na gurudumu. Yeye huenda shuleni kwa baiskeli kama zamani. Mama watoto, ambaye alikuwa amepanga kulitumia kupeleka mchele sokoni siku za mnada, hakulalamika mbele yangu. Alisema tu kwamba ada ya mtoto wao wa chuo italipwa kwa ng'ombe wa nne. Kifungua mimba wao anasomea ufundi wa magari. Nadhani umeelewa ni nini kilichomfanya achague masomo hayo.

Nilimwomba mzee fundi arudi katika kundi. Alicheka akapangusa mikono kwa kitambaa chake cheusi. "Mwandishi," alisema, "mtu hajiiti mzee. Wakiniita wao wenyewe, nitarudi jioni hiyohiyo."

Basi, ndugu msomaji, kama una kijiwe chako ndani ya simu, cha magari au cha jambo jingine lolote ulipendalo, kitazame leo jioni. Mtafute yule aliyekuwa akijibu kwa upole na ambaye siku hizi yu kimya. Mpigie simu, umsalimie, umwombe arudi. Panapo majaaliwa, tutaonana Jumapili ijayo.