TUMWITE NYUKI-KITANA



Wahenga walituambia tufuate nyuki tule asali. Nawaheshimu sana, lakini yupo nyuki ambaye ukimfuata hadi kwake utarudi mikono mitupu. Hana mzinga wala malkia. Yeye anatafuta mafuta. Ndiyo, mafuta!

Wataalamu humwita Ctenoplectra, na hapa Kenya yupo. Mafuta huyapata kwenye maua ya Momordica foetida, mtambaazi wa jamii ya maboga, nduguye karela. Nyinyi mnaujua: ni ule unaopanda juu ya michongoma, ukisugua majani yake unashika pua, na matunda yake yakiiva huwa ya rangi ya chungwa yenye vijimiba. Mafuta hayo nyuki huyachanganya na chavua yakawa chakula cha watoto wake, na mengine hujengea kiota ndani ya vitundu vya miti.

Utamtambuaje? Rangi isikudanganye, tazama mguu wa nyuma wa jike. Pale pana mwiba mpana wenye meno mengi kama kitana, na ndiko jina lake la Kigiriki lilikotoka. Chini ya tumbo ana nywele nene. Hupangusia nazo petali, kisha huyachana mafuta kwa kile kitana na kuyabeba miguuni. Wako na wakora pia: Ctenoplectrina, jamaa yake wa karibu, hana vyombo vya kubebea mafuta, basi hutaga katika kiota cha mwenziwe aliyetoa jasho!

Hata wakubwa aliwasumbua. Kwa miaka mingi waliweka ukoo huu katika familia ya peke yake, kwa kuwa ulimi wake ni mfupi. Leo umo katika familia moja na nyuki wa asali na wale weusi wanaotoboa mbao. Mwaka wa 2008, Hanno Schaefer na Susanne Renner walichapisha uchunguzi wa jeni zake, wakaonyesha kwamba ulitoka Afrika ukaenea Asia zaidi ya mara moja.

Sasa maoni yangu. Wenzangu wa chama wanapendekeza tumwite "nyuki wa mafuta". Mimi nakataa. Kule Afrika Kusini yuko Rediviva, ambaye huchota mafuta kwa miguu mirefu ya mbele, na yeye ni wa familia nyingine kabisa. Tukitaja kazi tu, tutawachanganya watu wasio wa ukoo mmoja, kama vile kusema makanga wote wa matatu za Nakuru ni wa mama mmoja. Kitana hakimchanganyi na mwingine. Nyuki-kitana, basi!

Lakini jina litamsaidia nani ikiwa kila Jumamosi ya usafi tunafyeka mtambaazi wote nyuma ya uwanja? Nyuki wa asali akikosa hapo atakwenda kwenye mikalitusi au alizeti. Huyu mwenzetu je? Alizeti haina mafuta ya kumpa petalini. Nao mtambaazi una mimea ya kiume na ya kike mbalimbali, bila wa kubeba chavua hauzai.

Kwa hivyo, Mwalimu wa zamu, kwa heshima na taadhima, naomba ule upande wa michongoma usifyekwe mpaka maua yaishe. Mapanga tutayapeleka kwenye nyasi za mabweni, maana huko nako, jamani, hali si nzuri.