Kijana, Kompyuta na Paka

Mpwa wetu kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Mamaye hunung'unika kwamba mwanawe hucheza kutwa. Sisi hatuafikiani naye. Linux, iliyo leo ndani ya kila simu ya Android, ilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, kwa kujifurahisha tu.

Lakini tulipomzuru juzi tulimkuta paka wake akilia chumbani, sahani kavu tangu alfajiri, na mlango umefungwa. "Mjomba, nilikuwa nikitafuta kosa moja katika programu." Kosa moja, saa sita! Hapo tuliudhika. Twaijua sote hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini.

Kijana aliinama kwa haya, akamlisha, akampakata. Na kabla ya adhana ya alasiri, paka angali mapajani, akaliona kosa lake. Sasa ametega saa ilie kila adhuhuri: sala, kisha sahani ya paka. Mamaye angali asema ni mchezo.