Wazazi, Tengenezeni Chokoleti Nyumbani!



Ndugu wazazi, tunauliza bila kuficha: kwa nini nyama tunaichunguza mpaka tumjue aliyechinja, lakini peremende tunampa mtoto bila kusoma hata neno moja kwenye pakiti? Buchani sote ni mafakihi. Dukani tumefumba macho.

Peremende nyingi laini za kutafuna hutiwa gelatini. Gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, na hata ikiwa ya ng'ombe hatujui alichinjwa vipi. Zipo pia chokoleti zinazotiwa pombe ndani. Allah (S.W.) katika Suratul Baqara, aya ya 168, ametuamrisha kula vilivyo halali na vizuri, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kujiepusha na mambo yenye shaka. Je, watoto wetu hawamo katika mafundisho hayo?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kila chokoleti ya dukani ni haramu; kuharamisha alichohalalisha Allah nako ni dhambi. Tunasema someni. Wala msitosheke na maandishi kwamba bidhaa haina nyama, maziwa wala mayai, kwani pombe nayo hutengenezwa kwa mimea.

Wengine wanajitetea: "Hatuna oveni, hatuna muda." Udhuru huu hatuukubali! Hapa hapokwi kitu wala hapawashwi jiko, ila kuchemsha maji tu.

Mahitaji:
- Tende laini 20
- Karanga zilizokaangwa, kikombe 1
- Unga wa kakao usio na sukari, vijiko vikubwa 3
- Chumvi, chembe chache
- Nazi kavu iliyokunwa

Toeni kokwa, lowekeni tende katika maji ya moto dakika 10, kisha zichujeni na kuziponda. Twangeni karanga kwenye kinu. Changanyeni vyote isipokuwa nazi, mkande kwa mkono safi. Ukiwa mlaini mno ongezeni karanga. Ukiwa mkavu ongezeni kijiko cha maji ya tende. Viringisheni vidonge, vigaragazeni kwenye nazi, viacheni nusu saa mahali penye baridi. Mwenye mtoto anayedhuriwa na karanga asizitie kabisa, atie nazi ndani badala yake.

Angalieni: unga wa kinywaji cha chokoleti si kakao tupu. Mara nyingi una sukari, na mwingine una maziwa ya unga.

Mtasema kakao ni kitu cha Ulaya. Si kweli! Hapa Uganda inalimwa Bundibugyo, na jirani zetu wa Kongo wanailima Beni. Mkulima wetu anaianika juani, inasafirishwa ng'ambo, kisha sisi tunainunua ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kung'aa na kuona fahari kumwandalia mgeni. Ile iliyokandwa na binti yetu tunaionea haya. Haya ya nini?

Nanyi wanafunzi wa bweni, hamhitaji jiko wala friji. Kinu cha kuazima kinatosha.

Basi Idi ijayo, kabla ya kukimbilia dukani, waiteni watoto jikoni. Waoneni wakiponda tende, na waelezeni kwa nini tunauliza kilichomo katika chakula chetu. Somo hilo madrasa peke yake haliwezi kulikamilisha.

Wabillahi tawfiq.